Neno la Leo: Kukarabati, kutengeneza, kukalafati

Huku Kisauni nimeona tangazo la nyumba ya kupanga: "Ukarabati hufanywa kila mwezi." Nikajiuliza, nyumba gani hiyo inayochakaa kila mwezi? Kukarabati ni kukirudisha katika hali yake kitu kilichokwisha kuharibika. Mwenye nyumba, nadhani, alikusudia matengenezo. Neno hilo linatokana na kutengenea, yaani kuwa sawa. Kwa hiyo kutengeneza ni kukifanya kitu kitengenee, kiwe kimevunjika au hakijavunjika. Siku hizi fundi huitwa "aje atengeneze" baada ya bati kuliwa na kutu ya hewa ya chumvi na mvua ya masika kuingia hadi kitandani. Nusu ya maana tumeitupa.

Wenye vyombo vya baharini walikuwa na neno lao, kukalafati, lenye asili ya Kiarabu. Wareno nao wanalo. Ni kushindilia pamba kwenye nafasi za mbao za jahazi kwa patasi na nyundo kabla halijarudi majini. Kisha chini hupakwa deheni, yaani mafuta yaliyochanganywa na chokaa. Nahodha hangoji maji yamfike magotini, kwa kuwa pamba ni rahisi, ubao mpya ni ghali, na shehena iliyolowa hailipwi. Na nyumbani ni vivyo hivyo: mfereji wako ukianza kudondoka, ukaubadilisha raba jioni hiyo hiyo, hujakarabati kitu. Ukisema umeukalafati watu watakucheka, ila mimi sitakuwemo.