Kima cha Chini na Kibarua wa Gendabi: Sheria Iliyojengwa Juu ya Mwajiri Mmoja

Mei Mosi ya mwaka 2025, mjini Singida, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kwamba kima cha chini cha mshahara katika utumishi wa umma kingepanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Baadaye mwaka huohuo Serikali ilitoa amri mpya kwa sekta binafsi, yenye nyongeza ya wastani wa asilimia 33.4 kuanzia Januari 1, 2026. Mjadala uliofuata ulikuwa uleule wa kila mwaka: je, kiasi hicho kinatosha? Makala hii inadai kwamba kwa mfanyakazi wa shambani katika kata kama Gendabi, wilayani Hanang, swali hilo linakuja mapema mno. Sheria zetu za ujira na za vyama vya wafanyakazi zimemchukulia mfanyakazi kuwa mtu wa mwajiri mmoja. Mwenye waajiri wengi zinamkosa, hata kiwango kipandishwe mara ngapi.

Tanzania haipigi kura bungeni kuamua kima cha chini. Kwa Sheria ya Taasisi za Kazi Na. 7 ya mwaka 2004, bodi za mishahara za kisekta humshauri waziri, naye hutoa Amri ya Mshahara. Utaratibu huo unaheshimu tofauti za sekta, lakini waziri asipotoa amri, kiwango kinabaki palepale. Amri ya 2013 iliipa sekta ya kilimo shilingi 100,000 kwa mwezi. Ilipita miaka 9 na nusu kabla kiwango hicho hakijafika 140,000, Januari 2023. Ukigawa fedha hizo kwa siku 26 za kazi, unapata kama shilingi 5,385 kwa siku.

Tatizo ni kwamba chini ya Mlima Hanang, wanakolima mahindi, maharage, ngano na alizeti, kibarua hahesabiwi mwezi. Hupatana na mwenye shamba kupalilia ekari, kuvuna au kupukuchua. Bei hutegemea wingi wa magugu, mwenendo wa mvua na idadi ya watu wanaotafuta kazi wiki hiyo. Malipo huweza kuwa fedha, chakula au sehemu ya mavuno. Ili kujua kama sheria imevunjwa, lazima kwanza ijulikane palizi ya ekari moja ni kazi ya siku ngapi. Amri haisemi, na daftari la mishahara la kukagua hakuna.

Hali hii ina historia. Mwaka 1962 bodi iliyoongozwa na Lady Chesham ilipendekeza kima cha chini cha kitaifa, kikaanza kutumika Januari 1963. Lakini mwaka huohuo wa 1962 Bunge lilipitisha sheria zilizobana haki ya kugoma na kuviweka vyama vyote chini ya shirikisho moja, TFL. Victor Mkello, kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashambani na rais wa TFL, alipelekwa kuishi Sumbawanga kwa lazima. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964, TFL ilivunjwa na chama kimoja cha wafanyakazi, NUTA, kikaundwa kwa sheria. Katibu Mkuu wake, Michael Kamaliza, alikuwa pia Waziri wa Kazi. Kwa vitendo, dola iliahidi mshahara bora na wafanyakazi wakapoteza uhuru wa chama. Aliyekuwa na ajira ya kudumu alipata angalau nusu ya mapatano hayo. Kibarua wa kijijini hakupata hata moja.

Hanang ilionja mapatano hayo kupitia mashamba ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, yaliyosaidiwa na Kanada: mashamba 7 ya takriban ekari 10,000 kila moja, yaliyolimwa kwa matrekta na kuchukua malisho ya wafugaji wa Kibarabaig. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani, wakashindwa katika Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Shauri lilikuwa la ardhi. Suala la kazi, yaani aliyepoteza malisho ataishi kwa ujira gani, halikuwa na chombo cha kulibeba.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 ilirudisha uhuru mwingi. Watu 20 wanatosha kuanzisha chama. Lakini chama hutambuliwa kujadiliana kikiwa na wanachama walio wengi katika eneo la majadiliano la mwajiri, ada hukatwa kwenye mshahara, na kinga dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki haimgusi mwenye chini ya miezi 6 kazini. Ndiyo maana mikataba ya hali bora inawezekana katika mashamba makubwa ya chai na miwa, ambako chama cha wafanyakazi wa mashambani kama TPAWU kina mwajiri wa kukaa naye mezani. Gendabi hakuna meza hiyo.

Wapo watakaosema kwamba mwenye shamba la ekari tatu naye ni maskini, hasa baada ya maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023 yaliyoharibu makazi na mashamba. Watakumbusha pia kwamba ajira katika mkonge ilishuka sana baada ya mishahara kupanda mwaka 1963. Pingamizi hilo lina uzito, ingawa kuanguka kwa bei ya mkonge nako kulichangia. Lakini linapinga kiwango kimoja kinachoshushwa kutoka juu. Halipingi wahusika kupatana wenyewe.

Mfano wa mapatano ya wenye waajiri wengi upo: jimbo la Maharashtra, India, lilitunga Sheria ya Mathadi mwaka 1969 kwa ajili ya wapagazi wanaowabebea mizigo wafanyabiashara wengi. Bodi ya pamoja husajili wapagazi na waajiri, hupokea ujira pamoja na mchango wa hifadhi, kisha huwalipa wapagazi. Hanang haihitaji urasimu wote huo. Inatosha bodi ya mishahara ya kilimo kuweka viwango vya kipande kwa kila aina ya kazi, na sheria kuruhusu kata iwe eneo la majadiliano: wakulima wakiwakilishwa na chama chao cha ushirika, vibarua na tawi lao, bei ya palizi ikipangwa kabla ya msimu.

Mapatano hayo yana nafasi nzuri ya kushika, kwa kuwa vijijini mpaka kati ya mwajiri na kibarua ni mwembamba. Kaya inayoajiri wakati wa mavuno huenda iliuza nguvu zake wakati wa palizi. Atakayeketi upande mmoja wa meza anajua atakavyoumia akiketi upande wa pili, na hiyo ni sababu tosha ya Bunge kuwapa meza hiyo.