Mfarishi wa Harriet Powers

Watunzaji wa makumbusho wanajua kwamba mwanga hula rangi ya nguo, na rangi iliyoliwa hairudi. Hata mama anayefua vitambaa vya madhabahu analijua hilo: huvianika kivulini. Kwa sababu hiyo nguo za zamani huonyeshwa katika mwanga hafifu, wa kadiri ya lux 50, kisha hurudishwa gizani kupumzika.

Kati ya nguo zinazotunzwa na Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, kule Washington, umo mfarishi mmoja unaotuhusu sisi tunaosoma Biblia. Aliushona Harriet Powers, mwanamke Mweusi aliyezaliwa utumwani Georgia mwaka 1837. Katika miaka ya 1880, akiwa huru, alikata vipande vya pamba, akavishonea juu ya kitambaa hata zikatokea picha 11: Adamu na Hawa bustanini, Kaini akimwua Habili, Yakobo akiota, Bwana akibatizwa, Yuda na vipande 30 vya fedha, msalaba, na nyinginezo.

Mwaka 1886 aliuonyesha katika maonyesho ya pamba mjini Athens. Mwalimu wa sanaa, Jennie Smith, aliutaka sana. Powers akakataa katakata. Lakini hali ya maisha ikawa ngumu, na mwaka 1891 alikubali kuuuza kwa shauri la mumewe. Aliuleta kwa mkokoteni wa ng'ombe, umefungwa katika mfuko wa unga, na juu yake gunia. Aliomba dola 10. Alipewa 5.

Bei hiyo inatuuma. Hata hivyo hatuwezi kumhesabu Smith kuwa mnunuzi tu, maana alifanya kazi ambayo watunzaji wa leo wangeiona ya kwanza kabisa: alimwomba mshonaji aeleze kila picha, naye akaandika. Bila maandishi yale, nani angejua kila umbo ni nani? Tukumbuke tu kwamba maelezo hayo yamepita katika mkono wa mwingine. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba Powers hakujua kusoma, mpaka ilipopatikana nakala ya barua yake ya mwaka 1896, ambamo mwenyewe anasimulia jinsi alivyojifunza kusoma na kuorodhesha kazi nyingine za mikono yake. Mfarishi wake wa pili uliobaki, wenye picha 15, uko Boston. Humo aliweka pia mvua ya vimondo ya mwaka 1833, iliyotokea kabla hajazaliwa.

Baada ya kuuza alirudi kwa Smith mara kadhaa kuutazama mfarishi wake. Siku ya kuuacha alifarijika kidogo tu, kwa ahadi moja: Smith angemwekea mabaki ya vitambaa vyake, apate kushonea tena.