Jaramogi Oginga Odinga na Neno "Mkomunisti"

Nia ya makala haya ni kuyatazama maisha ya kisiasa ya Jaramogi Oginga Odinga kwa kulichunguza neno moja lililomwandama: "mkomunisti". Wapinzani wake walilitumia kumhukumu. Wafuasi wake wakalipuuza kuwa uzushi mtupu. Sisi twashikilia kuwa neno hilo halikueleza imani yake. Kazi yake ilikuwa kumwondoa katika mjadala uliohusu ardhi na mgawanyo wa mali ya nchi.

Shina la siasa yake

Odinga alizaliwa Bondo mnamo mwaka 1911. Alisoma Maseno, Alliance na Makerere, kisha akarudi Maseno kufundisha. Alipoiacha kazi ya ualimu hakujiunga na kundi la wanamapinduzi, bali aliingia katika biashara. Kampuni ya Luo Thrift and Trading Corporation, iliyoanzishwa mwaka 1947, ilikusanya akiba za watu wadogo kwa njia ya hisa. Huko Kisumu, ambako biashara kubwa ilikuwa mikononi mwa Wahindi, kampuni hiyo ilijenga Ramogi House ili kudhihirisha kwamba Mwafrika naye aweza. Mwanzo wa namna hii haufanani na mwanzo wa mfuasi wa Marx.

Mwaka 1957 alichaguliwa kuingia Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka uliofuata akatangaza humo kwamba Kenyatta, aliyekuwa kifungoni, ndiye kiongozi wa kweli. Mwaka 1960 alizuru Uchina na Urusi, kisha akawapatia vijana nafasi za masomo katika nchi za Mashariki, kama vile Tom Mboya alivyowapeleka wengine Marekani kuanzia 1959. Ni kweli kwamba Odinga alipokea misaada ya Mashariki. Mboya naye alishutumiwa kuwa kibaraka wa Wamarekani. Lakini shutuma hiyo haikumpotezea uwaziri.

Neno lageuzwa silaha

Desemba 1964 Odinga alikuwa Makamu wa Rais. Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka wa Kikao Nambari 10 juu ya ujamaa wa Kiafrika. Hapa pana jambo la kuangaliwa na mwanafunzi wa lugha: serikali iliyojitangaza kuwa ya kijamaa ndiyo iliyomtilia makamu wake shaka ya ukomunisti. Tofauti haikuwa katika majina. Odinga na Bildad Kaggia walitaka wasio na ardhi wapewe bila malipo mashamba ya walowezi; serikali iliwataka wayanunue, hata kwa mkopo. Kumjibu mtu juu ya ardhi ni kazi ngumu. Kumwita mkomunisti ni rahisi.

Machi 1966, katika mkutano wa Limuru, KANU iliugawa umakamu wake wa chama kwa watu wanane. Mwezi uliofuata alijiuzulu, akaongoza chama cha KPU.

Kisumu, 1969

Oktoba 25, 1969, miezi mitatu na ushei baada ya Mboya kuuawa, Rais Kenyatta alifika Kisumu kuifungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Urusi. Wakubwa hao wawili walitupiana maneno makali mbele ya umati. Ghasia zilizuka, walinzi wakafyatua risasi. Serikali ilitaja vifo 11; hesabu nyingine zinazidi hapo sana. Siku chache baadaye KPU ilipigwa marufuku, na Odinga akawekwa kizuizini hadi 1971.

Hitimisho

Mwaka 1982 alijaribu tena kuunda chama cha kijamaa; katiba ikabadilishwa, Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria. Mwaka 1991 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa FORD, na mwaka 1992 akagombea urais akashindwa. Alifariki Januari 20, 1994.

Hospitali ile leo yaitwa kwa jina lake, ingawa wenyeji wa Kisumu wameizoea zaidi kwa jina la "Russia". Kwao neno hilo halina sumu: ni mahali pa kutibiwa. Basi tunapokutana na neno kama "mkomunisti" katika kumbukumbu za miaka ile, haitoshi kuuliza maana yake. Hatuna budi kuuliza pia ni swali gani lililonyamazishwa nalo. Kwa Odinga, swali hilo lilikuwa la ardhi.