Mizo National Front: chama kilichozaliwa na njaa, kikapita porini, kikarudi kwa kura

Mizo National Front, kwa kifupi MNF, ni chama cha siasa cha jimbo la Mizoram, kaskazini-mashariki ya India. Ni jimbo la milima na mapori, liko katikati ya Bangladesh na Myanmar, na wakaaji wake wanapita kidogo milioni moja. Wengi wao ni Wakristo. MNF ilianza kama kundi la kupelekea wenye njaa chakula, ikageuka kundi lenye silaha kwa miaka 20, kisha ikaweka silaha chini na kuongoza serikali ya jimbo.

Mianzi, panya na njaa

Milima ya Mizoram imejaa mianzi. Kila baada ya miaka karibu 48, aina moja ya mianzi inatoa maua yote kwa wakati mmoja, inazaa matunda, kisha inakufa. Panya wanakula yale matunda na wanazaana kupita kiasi. Matunda yakiisha, wanaingia ndani ya mashamba na ghala, na kumaliza mpunga. Wamizo wanaita jambo hilo mautam, maana yake kifo cha mianzi.

Wazee walikuwa wanakumbuka mautam ya miaka ya 1911 na 1912. Kwa hiyo, mwaka wa 1958, viongozi wa Wamizo walitoa alama ya hatari kwamba njaa inakuja. Wakati ule milima yao ilikuwa wilaya moja tu ya jimbo la Assam. Wakubwa wa Assam waliona kama ni imani za watu wa kijijini. Mwaka wa 1959 mianzi ikatoa maua, panya wakafika, na njaa ikapiga vijiji. Msaada ulichelewa na haukutosha.

Ndipo mwaka wa 1960 kukaundwa shirika la Mizo National Famine Front, yaani muungano wa Wamizo wa kupambana na njaa. Kiongozi wake alikuwa Laldenga, aliyewahi kuwa askari jeshi wa India, kisha karani katika baraza la wilaya. Vijana walibeba mchele kwa miguu mpaka vijiji vya mbali, ambako gari haikuweza kufika. Watu wakaanza kuwaamini kuliko serikali. Mwaka uleule Assam ikaamua kwamba Kiassam ndicho kitakuwa lugha ya serikali, na Wamizo wengi wakaona kama wanafutwa.

Tarehe 22 mwezi wa kumi 1961, shirika hilo likaondoa neno "njaa" ndani ya jina lake. Likawa Mizo National Front, chama chenye kudai uhuru kamili.

Miaka 20 ya vita

Usiku wa tarehe 28 mwezi wa pili 1966, wapiganaji wa MNF walishambulia vituo vya serikali katika miji mbalimbali, na kesho yake wakatangaza uhuru. Tarehe 5 mwezi wa tatu, ndege za vita za India zikapiga muji mkubwa wa Aizawl. Nyumba nyingi ziliungua na raia wakakimbilia porini. Inajulikana kama mara pekee ambayo jeshi la anga la India lilipiga raia wa inchi yake mwenyewe.

Tangu mwaka wa 1967, jeshi lilianza kuhamisha watu kwa nguvu. Vijiji vilichomwa, na wakaaji wakakusanywa kandokando ya barabara, chini ya ulinzi wa askari, ili waasi wakose chakula na mahali pa kujificha. Watu walitengwa na mashamba yao. Mpaka leo wazee wa Mizoram wanazungumzia miaka ile kwa uchungu.

MNF ilikuwa na kambi katika Pakistan ya Mashariki. Mwaka wa 1971 sehemu hiyo ikawa inchi ya Bangladesh, rafiki ya India, na waasi wakapoteza maficho yao. Mwaka uliofuata, India iliondoa Mizoram chini ya Assam, lakini vita haikuisha.

Mapatano ya 1986

Mazungumzo yalianza na kuvunjika mara nyingi. Mwishowe, tarehe 30 mwezi wa sita 1986, Laldenga na wajumbe wa serikali walitia sahihi mapatano ya amani huko New Delhi, wakati Rajiv Gandhi alikuwa waziri mkuu.

Kila upande uliachia kitu. MNF ilikubali kuweka silaha chini na kuacha kudai kujitenga. India ilikubali Mizoram iwe jimbo kamili. Tena ikaandika ndani ya katiba kwamba sheria za bunge la taifa kuhusu dini, mila na udongo wa Wamizo hazitatumika kule kama bunge la jimbo halijakubali. Lal Thanhawla, mkuu wa serikali ya jimbo kutoka chama cha Congress, alitoka kwenye kiti chake, akamwachia Laldenga, naye akakubali kuwa msaidizi wake.

Mwaka wa 1987 MNF ilishinda uchaguzi kwa viti 24 juu ya 40. Lakini mwaka wa 1988 wabunge wake kadhaa walimwacha Laldenga, na serikali yake ikaanguka. Uchaguzi wa 1989 ulipata Congress. MNF ikakaa upinzani, haikurudi porini. Laldenga alikufa mwaka wa 1990.

Mianzi inarudi

Zoramthanga, aliyekuwa mwandishi wa Laldenga wakati wa vita, alishika uongozi wa chama na akaongoza serikali tangu 1998. Alipokuwa mamlakani, mianzi ikatoa maua tena, ile miaka ya 2006 mpaka 2008. Safari hii serikali ilijitayarisha mapema, hata ikanunua mikia ya panya kwa watu waliowaua. Hata hivyo, njaa ilifika vijijini. Katika uchaguzi wa 2008, chama kilichozaliwa na njaa kilibaki na viti 3 tu.

MNF ilirudi mamlakani mwaka wa 2018, kisha ikashindwa tena mwaka wa 2023 na chama kipya, Zoram People's Movement. Zoramthanga mwenyewe alipoteza kiti chake cha ubunge. Mamlaka yalibadilika mikono kwa kura, na kila tarehe 30 mwezi wa sita Wamizo wanaendelea kukumbuka siku ya amani.