Selotepu ya Turubai

Maelekezo ya kutengeneza pochi kwa mkono huanza kwa kutaja vifaa, na kifaa cha kwanza ndicho kinachomkwamisha mfasiri. Kwa Kiingereza huitwa "duct tape". Ukilifasiri jina hilo neno kwa neno unapata utepe wa njia za hewa, yaani yale mabomba mapana ya bati yanayopitisha hewa ya baridi au ya moto ndani ya majengo makubwa. Mtume kijana na jina hilo kwa muuza vifaa vya ujenzi, atarudi mikono mitupu. Muuzaji kitu anacho, ila jina halimwonyeshi. Napendekeza kiitwe selotepu ya turubai, na nitalitetea jina hilo kwa kueleza kitu chenyewe kilivyo.

Utepe huu una matabaka matatu. Juu kuna plastiki ya polithini isiyopitisha maji. Katikati kuna kitambaa cha nyuzi zilizofumwa kwa kuachana kidogo, mfano wa chandarua. Chini kuna gundi nzito ya mpira, na gundi hiyo haihitaji maji, moto, wala kusubiriwa ikauke: hushika kwa kukandamizwa tu. Tabaka la katikati ndilo lenye kazi kubwa. Nyuzi zake huizuia plastiki isivutike, na kwa kuwa zimekatizana wima na mlalo, utepe huchanika kwa vidole moja kwa moja, upande hadi upande, bila mkasi. Selotepu nyembamba ya kufungia bahasha haina nyuzi hizo. Ukiitengenezea pochi, itapasuka penye mkunjo.

Kitambaa hicho ndicho kilichokuwa wazo lenyewe tangu mwanzo. Mwaka 1943 Vesta Stoudt alikuwa akikagua na kufungasha masanduku ya risasi katika kiwanda cha Green River Ordnance Plant, jimbo la Illinois, Marekani. Masanduku yalifungwa kwa utepe wa karatasi, kisha yakachovywa kwenye nta ili maji yasiingie. Uliachwa ulimi mdogo wa kuvuta wakati wa kufungua, lakini karatasi ilikuwa dhaifu. Ulimi ulikatika, na askari aliye vitani angebaki anahangaika na sanduku huku adui anampiga. Stoudt alikuwa na watoto wawili wa kiume katika jeshi la majini. Aliwaambia wakubwa wake kiwandani kwamba utepe ufanywe wa kitambaa kisichopitisha maji. Alipoona hakuna hatua, alimwandikia Rais Franklin Roosevelt mwenyewe, na michoro akaiweka. Serikali ililipokea wazo lake, na kampuni ya Johnson & Johnson ikapewa kazi ya kuutengeneza. Naipenda sana habari hii, kwa kuwa aliyeiona kasoro ni yule aliyeushika utepe kila siku kwa mikono yake.

Kuhusu njia za hewa, utepe wa Stoudt haukuwa na habari nazo. Baada ya vita wajenzi ndio waliouchukua kuunganishia mabomba ya bati, ukapewa rangi ya fedha ufanane nayo, na jina likaufuata. Kabla ya hapo Kiingereza kilikuwa na "duck tape", jina la tepe za pamba nzito ambazo hata gundi hazikuwa nayo. "Duck" hapo si bata: asili yake ni neno la Kiholanzi "doek", maana yake kitambaa. Pamba hiyo nzito ndiyo iliyoshonewa matanga na mahema, na kwetu kitambaa cha jamii hiyo tunakiita turubai.

Kuna jambo jingine zito zaidi. Mwaka 1998 Max Sherman na Iain Walker, watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley kule California, walivijaribu vifaa mbalimbali vya kuzibia njia za hewa kwa kuvipasha joto na kuvipoza tena na tena. Kilichoshindwa vibaya kuliko vingine vyote ni utepe huu wa nguo na gundi ya mpira. Kwa hiyo tukisema "utepe wa njia za hewa" tutakuwa tumekipa Kiswahili jina linalotaja kazi ambayo kitu chenyewe hakiiwezi.

Wapo watakaopendelea "utepe wa gundi". Ni jina la kweli, lakini linaenea kwa kila kinachonata, hata ule wa karatasi wanaotumia wapaka rangi. "Utepe wa kitambaa" nao unampeleka msomaji kwenye nywele za bibi harusi, au kwa mgeni rasmi anayekata utepe kuzindua zahanati. Selotepu haina tatizo hilo. Lilikuwa jina la bidhaa, Sellotape, iliyoanza Uingereza mwaka 1937, likageuka jina la aina nzima kama kiwi ilivyogeuka jina la rangi ya viatu. Leo anayesema selotepu amekwishasema gundi. Ukiliongezea turubai unaongeza kitambaa, plastiki na mvua kwa pamoja, maana kila aliyewahi kukaa chini ya turubai la msibani au kulifunga juu ya shehena ya lori anajua lilivyo. Najua pia kwamba maneno yote mawili yameletwa na Kiingereza. Hilo halinisumbui: yamekwishapata ngeli, yanatamkwa kwa ulimi wetu, na mtu asiyejua Kiingereza hata kidogo huyatumia bila kukosea.

Sasa pochi yenyewe, ambayo Watanzania wengi huiita waleti ikiwa ya mfukoni. Chukua kipande cha kitenge. Mafundi cherehani huwa na mabaki mazuri, na mimi singekata khanga nzima kwa kazi hii, kwa sababu mji, pindo na jina vimepangwa vikae pamoja. Kitenge kipya kina wanga. Kifue, kikauke, kipige pasi, la sivyo gundi itashika wanga badala ya nyuzi. Kilaze mezani, uso chini, kisha bandika selotepu mgongoni, mstari baada ya mstari, kila mmoja ukipanda juu ya mwenzake kwa nusu sentimita. Upana wa kawaida wa selotepu hii ni milimita 48, hivyo mistari mitano inakupa kimo cha sentimita 22. Kandamiza kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati kwenda pembeni. Hapo nguo ya kitenge na nguo iliyomo ndani ya selotepu zinakuwa karatasi moja ngumu, na hilo ndilo linaloifanya pochi isimame.

Kata kipande cha upana wa sentimita 22 na kimo cha 20. Kikunje kwa urefu, kitenge kibaki nje, upate mfuko wa noti wenye kimo cha 10. Ziba pande mbili fupi kwa selotepu iliyochanwa nusu kwa urefu, nusu yake ikikaa mbele na nusu nyuma. Mifuko ya kadi hubandikwa ndani. Kadi ya benki ina milimita 85.6 kwa 54, kwa hiyo mfuko wenye upana wa sentimita 9.5 unatosha hata baada ya kuzibwa. Mwisho kunja yote katikati na uiweke chini ya vitabu vizito usiku mzima. Gundi ikiganda kwenye mkasi, mafuta ya kupikia kidogo huiondoa. Usiiache pochi juani ndani ya gari, kwani joto huilainisha gundi ikatoka kingoni na kushika vumbi.

Dukani, kabla hujalipa, mwombe muuzaji akuchanie ncha. Ikivutika na kurefuka bila kuchanika, hiyo ni plastiki tupu. Ikichanika kwa mstari ulionyooka na ukaona ncha za nyuzi zimechomoza, hiyo ndiyo ya turubai.