Kusimama Juu ya Baiskeli Isiyokwenda

Kusimama juu ya baiskeli isiyokwenda, miguu yote miwili ikiwa kwenye pedali, ni ufundi uliokomaa katika viwanja vya mbio za baiskeli vya Ulaya. Wafaransa waliuita surplace, yaani kukaa papo hapo, na jina hilo likaenea katika nchi jirani zilizopenda mchezo huo, hasa Italia.

Chombo cha kwanza cha magurudumu mawili hakikuuhitaji. Karl Drais alipokiendesha mjini Mannheim, Ujerumani, mwaka 1817, hakikuwa na pedali. Mpandaji alijisukuma kwa kukanyaga ardhi, na akitaka kusimama aliweka miguu chini tu. Mambo yalibadilika pale miguu ilipopandishwa kwenye pedali, Ufaransa, miaka ya 1860. Baiskeli ndefu za miaka ya 1870 zilimkalisha mpandaji juu ya gurudumu kubwa la mbele, mbali na ardhi. Mtu wa namna hiyo akipunguza mwendo kupita kiasi, alikuwa na mawili ya kuchagua: kuteremka upesi au kuanguka. Baada ya mwaka 1885 baiskeli fupi ya John Kemp Starley, yenye mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, ilimrudisha mpandaji karibu na ardhi.

Mwishoni mwa karne ya 19 baiskeli za barabarani zilianza kuwekewa gia inayoachia, ile inayoruhusu gurudumu kuendelea kuzunguka miguu ikiwa imetulia. Baiskeli za uwanjani zilibaki na mtindo wa zamani hadi leo. Pedali zake zimefungamana na gurudumu la nyuma: ukikanyaga mbele inakwenda mbele, ukikanyaga nyuma inarudi nyuma, na breki haina. Hapo ndipo siri ya ufundi wote ilipo, kwa kuwa anayeonekana ametulia kwa kweli hatulii hata kidogo. Gurudumu la mbele huwa limepindwa upande. Likiwa limepindwa kushoto na mpandaji akaanza kuangukia kushoto, husukuma pedali kidogo, sehemu ya mbele ya baiskeli ikasogea kushoto na kumkinga. Akiangukia kulia, huirudisha nyuma, nayo ikasogea kulia. Misogeo hiyo ni midogo mno, na mtazamaji aliye jukwaani huenda asiione.

Kilichowafanya washindani wasimame katikati ya mashindano ni upepo. Katika mbio fupi za uwanjani watu wawili huanza polepole, kisha huchomoka kwa nguvu zote katika mita 200 hivi za mwisho. Aliye mbele hupasua upepo kwa niaba ya mwenzake, tena hawezi kumwona bila kugeuza shingo. Aliye nyuma hupumzika, humchunguza, na huchagua mwenyewe wakati wa kuchomoka. Kwa hiyo kila mmoja alitaka mwenzake atangulie, na njia ya kumlazimisha ilikuwa kusimama kabisa. Kona za uwanja zina mwinamo mkali, nao ulisaidia: mpandaji alielekeza gurudumu la mbele upande wa juu, mwinamo ukamvuta nyuma, miguu ikamzuia. Mapaja yaliwaka moto, lakini aliyekata tamaa kwanza ndiye aliyelazimika kuongoza.

Waitalia waliufikisha ufundi huu kileleni. Antonio Maspes wa Milano, bingwa wa dunia wa mbio fupi za kulipwa mara saba kati ya mwaka 1955 na 1964, alisifika kwa uvumilivu wa kusimama, na uwanja wa Vigorelli mjini humo leo unabeba pia jina lake. Katika Olimpiki ya Tokyo ya mwaka 1964, Mwitalia Giovanni Pettenella na Mfaransa Pierre Trentin walikutana katika nusu fainali, wakasimama wakiviziana kwa dakika 21 na sekunde 57. Pettenella aliondoka Japani na medali ya dhahabu, akimshinda katika fainali Mwitalia mwenzake, Sergio Bianchetto. Miaka minne baadaye, katika mashindano ya taifa lao mjini Varese, Pettenella na Bianchetto walisimama kwa zaidi ya saa moja.

Nje ya uwanja, matarishi wa baiskeli wa miji mikubwa walijifunza kusimama hivyo kwenye taa za barabarani, na mashindano ya kusimama muda mrefu yakawa sehemu ya mikutano yao. Nchini Hispania, tangu miaka ya 1970, ulikua mchezo wa kuruka mawe na magogo kwa baiskeli, ambao hauchezeki bila kwanza kujua kusimama papo hapo.

Baiskeli ya kawaida yenye gia inayoachia, kama zile nzito zinazobeba mizigo Afrika Mashariki, hairudi nyuma kwa pedali. Ndiyo maana anayejifunza nayo hutafuta mwinuko mdogo. Hupunguza mwendo, huinuka kwenye kiti, huzilaza pedali sawa na ardhi, hupinda gurudumu la mbele kuelekea juu, kisha huuacha mwinuko umrudishe na mguu wa mbele umsukume. Kosa la kawaida la wanaoanza ni kukaza mwili na kungoja utulivu, ilhali kinachowashikilia ni ule mchezo wa kwenda na kurudi.

Kusubiri kwa muda mrefu kuliwachosha watazamaji na kuvuruga ratiba, hivyo kanuni zikabanwa. Siku hizi mshindani wa mbio fupi anaruhusiwa kusimama mara mbili tu katika mbio moja, na kila mara isizidi sekunde 30. Chini ya kanuni hizo, dakika 21 na sekunde 57 za Tokyo haziwezi kufikiwa tena.