Nani Aliifungua Ngome ya Mombasa?

Tarehe ya Mombasa aghalabu husimuliwa kama habari ya mabwana waliopokezana: Mreno, Mwomani, Mwingereza. Kwa maoni yangu, msimulizi wa namna hiyo amemsahau mwenye mji. Kila dola iliyoingia Ngomeni iliingia na watu wa pwani ubavuni mwake, na walipoikimbia, haikuwa na muda mrefu.

Mreno Francisco de Almeida aliuchoma mji mwaka 1505, akitokea Kilwa. Wareno wakarudi kuuchoma tena mwaka 1528, wakapora, wakaondoka. Kilichowawezesha kukaa ni Malindi, hasimu wa Mombasa tangu zamani, ambaye sultani wake alihamia Mombasa baada ya mji kuangushwa mwaka 1589. Ngome ikaanza kujengwa mwaka 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, penye mlango wa bandari, kwa ramani ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati.

Urafiki huo ulikuja kuvunjwa na mwana wa ukoo huohuo wa Malindi. Yusuf bin Hasan, ambaye baba yake aliuawa mwaka 1614 baada ya kukosana na Wareno, alichukuliwa Goa angali mtoto, akabatizwa Dom Jerónimo, kisha akarudishwa kutawala. Tarehe 16 Agosti 1631 aliingia Ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, Pedro Leitão de Gamboa. Jeshi lililotumwa kumtoa lilishindwa. Mwaka uliofuata aliondoka mwenyewe kwa jahazi, na Wareno wakaikuta Ngome tupu.

Waomani walipowafukuza Wareno Muscat mwaka 1650, watu wa Mombasa walipeleka wajumbe kuomba msaada. Hatimaye, Machi 1696, merikebu za Imamu Saif bin Sultan zikatia nanga. Ndani ya Ngome walijifungia Wareno wachache na mamia ya watu wa pwani, wake kwa watoto. Mzingiro ulichukua miezi 33. Mizinga haikuua wengi kama maradhi na njaa. Kufikia Agosti 1697 maofisa wa Kireno walikuwa wamekwisha kufa, na amri ikashikwa na Bwana Daudi, mwana wa ukoo wa kifalme wa Faza, pamoja na watu wake waliobaki. Yeye ndiye aliyeilinda Ngome mpaka merikebu za msaada zilipowasili mwezi Septemba. Moja ya merikebu hizo, Santo António de Tanná, ilizama chini ya kuta; mabaki yake yalichunguzwa na wapiga mbizi kuanzia mwaka 1977.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji atue. Faza hiyohiyo iliteketezwa na Wareno mwaka 1587, watu wake wakachinjwa. Miaka 110 baadaye mwana wa Faza anawalindia Wareno Ngome! Sababu ni Pate: miji hiyo miwili ya kisiwa kimoja ilikuwa na uhasama mkubwa, na Pate ilikuwa upande wa Oman. Ugomvi wa majirani ulikuwa na nguvu kuliko kumbukumbu ya moto.

Ngome ilianguka tarehe 13 Desemba 1698, waliobaki ndani wakiwa wachache mno. Merikebu nyingine za msaada zilifika siku chache baadaye, zikaona bendera ya Oman, zikageuza.

Wareno walirudi mwaka 1728. Mwaka uliofuata wenyeji wakawatoa. Wamazrui, waliotumwa na Oman kuwa maliwali, walikataa kumtii mtawala mpya wa Oman, Ahmad bin Said, wakajitawalia mji karibu miaka mia. Waliangushwa mwaka 1837, walipogombana wenyewe kwa wenyewe na Thalatha Taifa, kundi mojawapo la wenyeji wa Mombasa, wakamwita Seyyid Said, mtawala wa Oman. Wakuu wao wakakamatwa na kupelekwa Bandar Abbas, wasirudi tena. Mwingereza aliposhika utawala mwaka 1895, aliigeuza Ngome kuwa jela.

Leo ni makumbusho, na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Watembezaji wa wageni hulitaja jina la Cairati bila ya kusita. Ukienda, waulize pia habari za Bwana Daudi wa Faza na za Yusuf bin Hasan. Na kama wewe ni mwalimu wa historia, wafundishe wanafunzi wako majina hayo mawili kabla ya kuwafundisha la Almeida.